Siku Niliyochagua Monita ya Bwana Kishor

Siku yangu ya kwanza kazini, Mzee Seif Kondo, msimamizi wa chumba cha rangi, alinipa ndoo na mwiko. "Koroga," akasema. "Ukichoka niambie, nimtafute mwingine." Kilikuwa kiwanda kidogo cha kuchapa kanga, uani kwa Bwana Kishor, mtaa wa Gerezani, enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumwagika Kariakoo. Mimi darasa la nne sikulimaliza. Rangi nilijifunza kwa macho.

Kanga ina pindo, ule mpaka unaoizunguka, na ina mji, pale katikati. Inauzwa vipande viwili pamoja, ndiyo doti. Kimoja kikizidi wekundu, mnunuzi anakurushia usoni. Kwa hiyo kitambaa tulikitazama kikishakauka, maana rangi mbichi inadanganya. Mzee Seif alipofariki, meza ya rangi ikabaki kwangu na kwa mkorogaji mwenzangu, Mwanaidi Salum. Ndiyo iliyolisha watoto wangu.

Kisha Bwana Kishor akaleta kompyuta, na mpwa wake Dipesh wa kuchora. Michoro ilipendeza, ila nyekundu ya kwenye skrini ikifika kitambaani imekuwa rangi ya tofali. Bwana Kishor akaniita. "Mama Zuhura, nenda na Dipesh kwa Mangi. Chagua monita unayoiamini wewe."

Nikajiona mtu. Mwanaidi akanicheka: "Shoga, unajichagulia mke mwenza!"

"Mke mwenza gani hana mikono?" nikamjibu.

Mangi Shirima aliuza monita kuukuu, zile za chogo, zenye kisogo kikubwa nyuma, zilizokuja na makontena bandarini. Aliponiona nakunjua kanga dukani kwake akasema, "Mama, umekuja kununua au kuposa?"

"Washa, baba. Na mlango urudishe, jua linafifisha picha."

Dipesh akafungua kwenye kila moja mchoro wa kanga ile ile, aliokuja nao kwenye disketi. Nikangoja zipate moto, maana monita ya chogo ikiwashwa tu rangi yake haijatulia. Ile kubwa Dipesh aliipenda, lakini nyekundu yake ilielekea rangi ya chungwa. Nyingine, pindo la mchoro lilijikunja pembeni kama ukingo wa sinia. Iliyobaki ilikuwa ndogo, imejaa mikwaruzo. Nikashika kanga kando ya kioo chake. Nyekundu moja.

"Hii."

"Mama Zuhura, hii? Angalia sura yake!"

"Sura utaioa? Beba twende."

Bwana Kishor alipoona skrini na kitambaa havigombani tena, akaanza kutuma michoro India kwa disketi. Kanga zikawa zinarudi zimechapwa. Haikupita muda akatuita ofisini, mimi na Mwanaidi.

"Chumba cha rangi tunafunga," akasema, mkono juu ya monita. "Sasa naona kila kitu hapa."

"Na sisi?"

"Nyinyi mmenisaidia sana, mama." Akashika simu.

Mwanaidi alienda kukaanga mihogo Buguruni, na hakunisemesha hadi anazikwa. Mimi nilifua nguo za watu Upanga mpaka mgongo ukakataa. Huko ndiko kustaafu kwangu, hakuna aliyeniaga.

Nyinyi vijana mnaochora kwa kompyuta mnanijia, shikamoo bibi, monita ipi nzuri. Jinsi ya kuipima nimeshawaambia. Nanyi muulizeni anayewatuma, akishaipata, nyinyi mtakaa wapi. Mimi sikuuliza.

Mjukuu wangu hudhani nilifukuzwa kwa kuharibu kazi. Sikuharibu. Ningemwachia Dipesh ile kubwa yake, ningekoroga rangi miaka mingine.