Muhuri wa Tawi la Mtende

Namgide aliurithi mdomo mkali kwa mama yake na tanuri kwa marehemu mumewe, na vyote viwili alivitumia kila siku. Hapa Tigisila tanuri la maana lilikuwa hilo moja tu. Wanawake walileta madonge yao asubuhi juu ya mbao, wakakaa chini kusubiri, na umbea wa mji mzima ukaiva kabla ya mikate. Ukileta donge lisiloumuka, alikuuliza mbele ya watu kama na wewe bado umelala.

Kisha ugomvi wa makanisa ukaingia mpaka kwenye unga. Ulianza enzi za babu zetu, siku askari wa Kaisari walipodai vitabu vitakatifu wavichome moto. Kuna waliokataa wakauawa, na kuna askofu mmoja aliyevitoa kwa mikono yake. Toka hapo mji ukagawanyika. Kanisa la juu, kule kwenye makaburi ya mashahidi, likawa la wale wasiotaka hata kunusa harufu ya msaliti. La chini, karibu na mashinikizo ya zeituni, likawa la waliosema yaliyopita yamepita. Kristo ni yuleyule, jamani, na maji ya ubatizo yanatoka kisima kimoja. Lakini wa juu wakikutana husema "Mungu asifiwe", wa chini husema "Mungu ashukuriwe", na ole wako ulimi uteleze njiani. Sekunda muuza mboga, mwenye wateja pande zote mbili, alikuwa akipita anakohoa tu.

Namgide alikuwa wa juu. Mumewe alizikwa hatua chache kutoka kwa mashahidi, na ubavuni pake palikuwa pameachwa nafasi ya mkewe. Kila Jumapili alikwenda kupang'olea magugu mahali pale, kama mtu anayefagia chumba atakachohamia. Ila binti yake wa pekee, Sanae, aliolewa na Muthuni, mkamua zeituni na msomaji wa kanisa la chini. Harusi yenyewe watu waliila wamepeana visogo.

Mwaka ule Rogati, askofu wa juu, akatoa amri kwamba tanuri lisioke hata mkate mmoja wa wasaliti. Akachongesha muhuri wa mti wenye tawi la mtende, kila mkate wa watu wake upigwe tawi hilo kabla ya kuingia motoni. Shemasi Baricha akawekewa kigoda mlangoni kukagua inayotoka. Watu wa chini wakabaki kuchoma mikate yao kwenye majivu.

Sanae alikuwa na mimba, tena mimba ya kuchagua. Mkate wa majivu alikuwa akiutapika kabla hajamaliza kuumeza. Namgide alisikia kwamba binti yake amekonda hadi pete inamvuka kidoleni, akavumilia siku nne. Ya tano akakanda donge moja la ziada, akalipiga muhuri kama mengine, na mkate ukapita chini ya pua ya Baricha. Sekunda akaubeba chini ya vitunguu. Ikawa hivyo kila baada ya siku mbili. Namgide alijiona mjanja kupita kiasi. Muhuri uliuficha mkate pale mlangoni, na hakujiuliza ungefanya nini ukishafika kule.

Mavuno yalipokwisha mambo yakachacha. Watu wa rungu, wapiganaji wa upande wa juu, walishuka kutoka milimani wakivunja milango kwa jina la mashahidi, na lango la kanisa la chini likaonekana asubuhi limekuwa mkaa. Tukaanza kufunga nyumba mchana kweupe. Wanawake pale tanurini wakawa hawacheki tena. Kisha liwali akatuma askari walifunge kanisa la juu na kuwakamata wanaume wake wapelekwe kwenye machimbo ya mawe. Rogati na Baricha walikuwa wameshatoroka usiku uliotangulia. Waliobaki hakuna aliyekubali kuonyesha nyumba ipi ni ya nani.

Jemadari wa wale askari hakuwa mjinga. Aliuona mkate wenye tawi katika nyumba ya kwanza, akauona katika ya tatu, akajua tawi ndilo alama ya watu wa juu, akaamuru wasiulize mtu yeyote neno lolote. Wafunue makapu ya mikate tu.

Kwa Muthuni walikuta nusu mkate, tawi linaonekana wazi. Muthuni akaapa kwamba yeye ni wa chini, akasema na "Mungu ashukuriwe" mara tatu. Jemadari akamjibu kwamba ulimi unaweza kubadilika asubuhi moja, lakini mkate huu umeokwa jana. Askofu wa kanisa la chini alikuwepo. Alitazama mkate, akamtazama mkwe wa mwoka mikate, akasema siku hizi mtu huwezi kumjua.

Sekunda alifika tanurini akihema, akamvuta Namgide pembeni. "Dada, wamemkamata Muthuni kwa mkate wako. Nenda kaseme ni wewe. Gari la wafungwa linaondoka sasa hivi."

Wanawake saba walikuwa wamekaa pale, wote wa kanisa la juu, wawili waume zao wameshafungwa kamba. Akitamka tu kwamba alimlisha msaliti, hatashiriki tena mkate wa madhabahu, na ile nafasi ubavuni pa mumewe atalazwa mtu mwingine. Hofu ikampa kisingizio. Alimwambia Sekunda, "Ngoja kwanza nitoe hii, itaungua."

Akaitoa. Ilikuwa mikate ishirini na minne, akaitoa mmoja mmoja, akaipanga. Alipofika langoni mwa mji, gari halikuonekana hata vumbi lake. Alisimama kidogo, akarudi, na walipomuuliza alikotoka akasema alifuata chumvi.

Siku ya tatu Sanae akaja, tumbo mbele, ubao wa donge kichwani. Aliutua ubao chini, hakusalimia kwa neno la juu wala la chini.

"Mama, Sekunda anasema alikuambia mapema."

"Aliniambia."

"Ukawa unafanya nini?"

Namgide alitazama mikono yake. Angeweza kusingizia chumvi. "Nilikuwa natoa mikate, mwanangu," alisema, na wanawake wote wakasikia.

"Iliungua?"

"Hapana. Haukuungua hata mmoja."

Sanae akaitikia kwa kichwa. Akaubeba tena ubao wake, akaenda kulichoma donge lake kwenye majivu.