Fundi Mapazia na Tamko la Serikali

Siku ya kwanza nilipofanya biashara na Fundi Mapazia, nilinyolewa bila maji. Mimi nachukua tenda za kupamba ofisi: viti, mazulia, mapazia. Kazi hii sikuisomea. Nilianza kwa kubeba viti vya watu begani, nikajifunza bei kwa kupunjwa. Nilimpelekea vitambaa nyumbani kwake, chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka, huku cherehani, kule kitanda. Nikamtajia bei ya ushonaji. Akaendelea kukanyaga cherehani. Nikapandisha kidogo. Akakata uzi kwa meno, akanitazama.

"Mwanangu, bei ya kwanza ulikuwa unaota. Hii ya pili ndiyo umeamka. Sasa nawa uso, halafu tuzungumze."

Nikanawa, nikalipa alichotaka. Tangu hapo sikumpa kazi fundi mwingine, maana mtu anayejua thamani ya mali yake hakuharibii ya kwako.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, kijana mwandishi wa habari, aliyeajiriwa na gazeti la nchi jirani akahamia huko. Mama alijivunia mwanawe kwa namna yake: "Mimi nashona vitambaa, yeye anashona maneno. Kazi yangu ikipasuka inarudi kutiwa kiraka. Ya kwake je?"

Ikapasuka. Kijana na mpiga picha wake walitoa habari ya dawa za hospitali ya umma zilizokuwa zinauzwa kwa mlango wa nyuma. Gazeti likafungiwa, wao wakatiwa ndani. Mpiga picha alikuwa mwenyeji wa huko. Wetu alikuwa mgeni.

Serikali yetu ikatoa tamko. Nililisikia redioni nikiwa kwa Fundi, nimekuja kuchukua mzigo. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje alisema serikali ina wasiwasi, inatetea uhuru wa vyombo vya habari popote duniani, na inafuatilia suala hilo kwa karibu.

"Kwa karibu!" alisema Fundi, mguu umesimama. "Jana nimeshinda mapokezi pale wizarani. Karibu zaidi ya hapo ni kuwakalia mapajani. Wananiambia mkurugenzi yuko kikaoni. Kikao gani hicho, watu hawachoki makalio?"

Baadaye likaja tamko la pili. Wasiwasi ulikuwa ule ule, ila sasa ulikuwa "mkubwa". Mimi ninayekula kwa kuuza nayajua maneno ya aina hiyo. Ni "karibu tena" ya muuza duka kwa mteja anayeondoka mikono mitupu.

Aliyekuwa karibu kweli ni mama wa mpiga picha. Hawakuwahi kuonana, lakini kila Ijumaa Fundi alimpigia simu. Yule aliruhusiwa kuingia gerezani, basi akawa anapeleka chakula cha vijana wawili na kurudi na salamu za wawili. Niliwahi kuwasikia, simu imewekwa juu ya cherehani, sauti imefunguliwa.

"Wangu anakohoa, ila wako amekula. Ana madaha huyo! Anasema nipunguze chumvi."

"Mwambie hapo si kwa mama yake."

"Nimemwambia hapa ndiyo kwa mama yake. Chumvi nimepunguza."

Kisha nikapata tenda ya mapazia ya ukumbi wa wageni wa wizara ile ile. Waziri wa nchi jirani alikuwa anakuja kutia sahihi mkataba wa umeme. Wao wanao wa kuuza, sisi tuna giza. Kazi nikampelekea Fundi. Wala haikuwa huruma. Nilijua kwa ajili ya kuingia mlango ule ataniuzia rahisi.

"Bei yako naichukua," alisema kabla sijakaa. "Ila kutundika, natundika mwenyewe."

"Na magoti hayo, juu ya ngazi?"

"Magoti yangu, ngazi yako. Tumechangia."

Nilikuwa sijui kwamba na yeye ana bidhaa mkononi. Chama cha waandishi kilikuwa kimemwomba asimame getini siku ya mkataba, mbele ya kamera, ameshika picha za vijana wote wawili. Alishakubali, na alishamwahidi hivyo mama wa mpiga picha kwa simu. Habari hizo zilikuwa zimefika wizarani.

Tulikuwa tunatundika pazia la dirisha la tatu, yeye juu, mimi chini nimeshika ngazi, mkurugenzi alipoingia na kufunga mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ndiye mama wa yule mnayemfuatilia kwa karibu."

"Nakufahamu mama. Shuka basi tuongee."

"Nikishuka utaenda kikaoni. Ongea tu, huku juu nasikia."

Mkurugenzi akapangusa paji la uso. "Mama, lipo tamko la tatu. Kali, lina majina yote mawili. Waziri anaweza kulisoma mbele ya mgeni. Akilisoma, mgeni atanuna, umeme hatupati, na vijana watabaki walipo. Au tunyamaze. Mwanao ni raia wetu, wako tayari kumwachia, aje na ndege ya mgeni. Wanachotaka ni utulivu. Wewe usionekane getini."

"Na mwenzake?"

"Yule ni raia wao. Hapo hatuna mkono."

"Na mdomo je, hamna?"

Mkurugenzi akatazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa kuuza mali ya wengine bila ruhusa ya kupunguza bei, na watu wa namna hiyo nimekutana nao wengi.

Fundi akaniinamia kutoka juu. "Bosi, wewe mtu wa biashara. Ungekuwa wewe?"

"Chukua kinachoshikika," nikamjibu. "Lakini usitoe kabla hujapokea."

Hata leo angeniuliza, ningemjibu hivyo hivyo.

Pete za pazia ziligongana mkononi mwake. Mwishowe akanyoosha kidole. "Dirisha lile la mwisho, linaloangalia getini, silitundiki. Nikishamshika mwanangu kwa mkono huu, nitakuja kulitundika. Asipokuja, mgeni wenu atakaa kwenye kiti hiki na kuniona pale nje nimesimama, vizuri kabisa."

Mkurugenzi akaanza kucheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Mgeni alitua siku moja kabla ya mkataba. Kijana alishuka kwa ngazi ya nyuma, amevaa ndala na shati ambalo halikuwa lake. Mama yake akamshika mkono, akampapasa vidole kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukinunua.

"Mwenzangu yuko ndege gani?" kijana akauliza.

Mama akamwambia waende nyumbani.

Kesho yake asubuhi akaja wizarani, akapanda ngazi, akatundika pazia la mwisho. Nje waandishi, waliokuwa hawajajua kwamba kijana amerudi, walikuwa wamekusanyika na picha mbili. Ile ya kijana wake alikuwa ameishika mtu baki. Polisi waliwaondoa kabla msafara haujafika, na ndani hakuna aliyewaona. Kitambaa kile ni kizito, nilikichagua mwenyewe. Jioni redio ikasema mawaziri wamezungumzia uhuru wa habari kwa uwazi na kuheshimiana, na kwamba diplomasia ya utulivu imezaa matunda. Mpiga picha hakutajwa.

Kijana akaja kuambiwa na waandishi wenzake. Nilikuwepo alipomuuliza mama yake.

"Ulitakiwa usimame getini?"

"Nilitakiwa."

"Ukaenda kutundika mapazia."

"Nilikwenda kukuchukua wewe."

"Mama, yule alinipa blanketi lake. Kikohozi chake ni cha kulala bila lile blanketi."

Mama akakanyaga cherehani. 

Ijumaa ya kwanza simu ya ng'ambo iliita mpaka ikakatika. Ya pili ikapokelewa.

"Amefika?"

"Amefika."

"Anakula?"

"Kidogo."

"Mpunguzie chumvi," ikasema sauti ile, na simu ikakatwa. Haijapokelewa tena. Fundi bado anapiga.

Umeme tumepata, mtaa wetu siku hizi unawaka. Wale wa ng'ambo wamebaki na mfungwa mmoja asiye na balozi wa kumpigia kelele. Mimi nililipwa yote, nikaongezewa na ukumbi wa pili. Fundi ana mwanawe. Kijana alitia sahihi karatasi ya kutoandika tena ndipo akaachiwa, basi anakaa upande wa pili wa ile shuka akitia pete kwenye mapazia, na ukimsalimu anakujibu habari za pete.

Majuzi nimempelekea kazi ya hoteli. Nikataja bei ya kuanzia, ile ya chini kabisa, nikingoja aniambie nikanawe uso. Hakuinua macho.

"Sawa," akasema. "Weka hapo."

Nikaweka. Nikasimama kidogo mlangoni, pengine atabadili mawazo. Hakubadili. Sijawahi kuipata kazi nzuri vile kwa bei ndogo namna ile.