Mchunga wa Mama na Bakuli la Jirani

Mama yangu ni mtu wa vitamu. Siku daktari alipotuambia ini lake limeshika mafuta, na kwamba likiachwa hivyo laweza kuharibika kabisa, yeye aliuliza swali moja tu: "Na kaimati zangu za shira je?" Daktari akacheka. Mimi sikucheka. Baba nilikuwa nimemzika mwaka uliotangulia, na sikuwa na mzazi wa akiba.

Masharti yalikuwa apunguze sukari, tui na vya kukaanga, atembee, ale mboga za majani, kisha turudi baada ya miezi mitatu. Nikauliza habari ya mchunga, maana kwetu Tanga kila mtu atakwambia mchunga unasafisha ini. Akasema wataalamu bado wanayachunguza majani ya namna hiyo, lakini mboga ni mboga, ale tu. Dawa za kwenye chupa ndizo nisimpe bila kumwuliza.

Mimi nikishika jambo nimelishika. Mchunga, kwa asiyeujua, ni mboga chungu inayojiotea shambani katikati ya mihogo. Watu wenye akili zao huuchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, kisha wakautia tui zito mpaka ukawa mtamu. Mimi niliona huko ni kumwaga dawa mferejini. Nikaupika na maji yake yote, bila nazi, kwa kitunguu na manjano mabichi niliyoletewa kutoka milimani Amani. Niliuonja mara moja tu, sikurudia.

Kila mchana, kabla ya kurudi dukani kwangu Usagara, nilimtengea mama bakuli la mchunga na kipande cha bada, ugali wetu wa muhogo. Mimi nilikula wali wa nazi jikoni, nimerudisha mlango nisimtamanishe. Jioni nikirudi nakuta bakuli limeoshwa linang'aa.

"Umekula, mama?"

"Bakuli si hilo hapo?"

Nikajiona tabibu. Hata wateja wangu wa vitenge niliwafundisha kupika mchunga, wakitaka wasitake.

Miezi mitatu ikatimia, tukarudi kwenye kipimo. Daktari akaitazama picha, akaitazama tena, akasema mafuta yameongezeka. Mama alikuwa akitazama feni.

Tuliporudi nyumbani jirani yetu, bibi wa nyumba ya pili, alikuwa amekaa barazani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wallahi mikono yako ibarikiwe! Tangu mama yako aanze kun'letea ule mchunga kila siku, mie tumbo jepesi, usingizi mwororo. Nami bakuli la mtu silirudishi tupu, si adabu. Humtilia kaimati zake sita, tukakaa hapa tukazungumza."

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hilo nalijua tangu utotoni. Sikujua tu kwamba mama angeligeuza kuwa njia ya magendo, pale pale mtaani, bila hata kufika mpakani Horohoro.

Nilingoja tuingie ndani, nikafoka. "Miezi mitatu, mama! Ini la bibi ndilo ninalolitibu? Nawe ukiondoka mie n'takaa na nani?" Nikalia kama mtoto, nusu hasira, nusu hofu.

Mama akaketi mkekani. Kisha akasema, "Mwanangu, hizo kaimati ningeziacha. Lakini tangu baba yako aondoke, sina wa kula naye. Wewe wan'tengea bakuli hapo, wenda jikoni, wafunga mlango. Kwa bibi nilipata wa kuketi naye."

Miezi mitatu nilikuwa nimelilinda ini, mwenye ini nimemwacha peke yake mkekani.

Kesho yake mchana nilifunga duka. Wali sikupika. Nilitandika mkeka, nikaweka sinia moja, bada moja na bakuli moja la mchunga, nikaketi mbele yake. Nikasema bismillahi, nikamega, nikachovya. Uchungu ulinipanda mpaka machoni. Mama akanitazama vilevile alivyokuwa akinitazama utotoni nikinyweshwa dawa ya minyoo.

"Meza," akasema.

Nikameza. Ndipo naye akanawa mkono.