Nafasi ya Jina la Baba

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nikifungua chumba cha nyuma cha kanisa letu hapa Kitengela, mahali kwaya huweka viti vilivyovunjika, na watoto kama ishirini wakiingia kuchora. Wengi walitoka kwenye vyumba vya mabati nyuma ya soko. Wachache walitembea kutoka upande wa Kisaju. Sikuwaahidi chochote. Nilikuwa mwalimu wa shule, nina makaratasi ya manila, rangi za maji na sauti kubwa, na niliona afadhali wachore kuliko kuzurura stejini kwa matatu. Ndugu zangu walisema najitafutia kazi isiyo na mshahara, na hawakukosea.

Nina ugonjwa mmoja: siwezi kuvumilia nafasi iliyoachwa wazi. Daftari lisilo na tarehe, swali lisilojibiwa, hata kikombe kisicho na mshikio wake, vyote huniwasha. Wanafunzi wangu wanajua.

Kati ya wale wa Kisaju kulikuwa na msichana wa gredi ya tisa aliyelelewa na bibi yake. Baba yake aligongwa na lori akivusha ng'ombe barabara ya Namanga, mama akaolewa kwingine. Msichana huyu alichora kuliko mimi, na nasema hivyo bila unyenyekevu wa bandia. Alitaka shule ya bweni yenye darasa la sanaa, na njia pekee ilikuwa basari ya kumlipia karo. Fomu ya basari ilikuwa mkobani mwangu, ikingojea kidole gumba cha bibi yake. Ilitakiwa ofisini Kajiado kabla ya Ijumaa.

Jumapili iliyotangulia Ijumaa hiyo tulifanya maonyesho uwanjani mwa kanisa, wazazi wakaalikwa. Kila picha niliiwekea karatasi ndogo chini yake, mchoraji aandike: "Mama yangu akiuza mboga", "Kaka yangu na baiskeli yake", na jina la mhusika. Msichana wa Kisaju alikuwa amemchora mwanamume mwenye kofia ya soksi na gambuti, akisimama kati ya ng'ombe waliokonda. Karatasi ya chini aliiacha tupu. Nilimuuliza mara tatu baba yake aliitwa nani. Alikuna tu rangi iliyokauka kwenye kidole. Nikajiambia ni haya ya kawaida. Nikaenda kwenye rejista ya shule, nikalitoa jina, nikaliandika kwa kalamu nene.

Kwetu, upande wa Kati, jina la marehemu halikai bure. Mimi mwenyewe natembea na jina la nyanya aliyekufa kabla sijazaliwa, na nikiitwa, mama yangu hufurahi. Kwa hiyo siku ya maonyesho, nikiwa na kipaza sauti mkononi, nilimsogeza msichana mbele na kulisoma jina la baba yake, majina yote matatu, taratibu, nikidhani nampa heshima.

Bibi yake aliinuka kwenye safu ya pili. Alimshika mjukuu mkono, wakapita katikati ya viti na kutoka getini. Wazee kadhaa waliangalia chini. Katekista, ambaye ni Mmasai, alinijia na kunong'ona, "Mwalimu, sisi mtu akishaenda hatumtaji. Hata nyumbani kwake." Nilikuwa nimeishi kaunti hii ya Kajiado miaka kumi na minne. Niliona aibu iliyonipasha masikio moto, kisha nikakasirika kwamba hakuna aliyewahi kuniambia, kisha nikakumbuka kwamba sikuwahi kuuliza.

Jumatano nilipanda bodaboda hadi Kisaju nikiwa na ile picha iliyokunjwa, karatasi ya jina na fomu. Nilimkuta bibi ameketi nje ya nyumba, msichana akisuuza vyombo.

"Takwenya, koko," nikamsalimu kwa Kimaasai, nikimwita bibi.

"Iko," akajibu, maana mtu hanyimwi salamu. Lakini hakunikaribisha kiti.

Nilimwambia nimekosa. Sikujitetea sana, ila nilieleza habari ya nyanya yangu, na akasikiliza.

"Mtu amelala," akasema, "wewe unamuita na spika. Sasa akiitika?"

Akanyoosha mkono. "Iko wapi hiyo karatasi?" Nilimpa ile yenye jina. Alimpa mjukuu, naye akaipeleka jikoni na kuitia motoni. Kisha bibi akaikunjua picha magotini na kuiangalia muda mrefu. "Kofia ni yake," akasema. "Nilimwambia atupe, akakataa." Picha hakunirudishia.

Hapo tu ndipo aliposema nikae.

Nilitoa fomu. Tuliijaza pamoja, mimi nikiuliza, msichana akijibu: kijiji, shule, idadi ya mbuzi, nani hulipa nini. Tukafika mahali nilipokuwa nikipaogopa tangu Kitengela. Sikulisoma swali. Niliweka kidole tu juu ya ile nafasi, na msichana akaelewa, akamwangalia bibi yake. Nilijua ofisini hawapokei fomu yenye pengo. Nilijua pia kwamba sina ruhusa ya kuuliza tena. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa tayari kuiacha nafasi wazi, na kuiacha kungemfungia mtoto mlango wa shule.

Mbuzi mmoja alikuja kunusa mkoba wangu; bibi akamsukuma kwa mguu.

"Wewe umeshamtaja," akasema. "Andika wewe. Lakini usisome."

Nikaandika. Msichana alishikilia karatasi isipeperuke, uso ameugeuzia kwa mbuzi. Fomu iliuliza jina hilo mahali patatu, na mara zote tatu hakugeuka. Bibi akaweka kidole gumba mwishoni.

Siku hizi msichana yuko gredi ya kumi katika shule ile ya bweni. Shule zina fomu nyingi kuliko chaki: za ziara, za hospitali, za mashindano ya sanaa. Akifunga shule hupitia kwangu kwanza, fomu ameshazijaza kwa mwandiko wake mzuri, isipokuwa nafasi moja katika kila fomu. Namwekea chai, nazijaza zile nafasi nikiwa nimenyamaza, namrudishia, halafu namuuliza amechora nini.