Vichanja vya Samaki Ufuoni

Mpiga picha wetu wa angani huruka dirisha likiwa wazi, kwa kuwa haamini kioo. Glavu zake amezikata ncha, na vidole huwa vimeshaiva wekundu kabla ndege haijafika Vík, kijiji cha pwani ya kusini mwa Iceland. Hasemi "nzuri", husema "tena", na rubani wake, Hallvardur, huzunguka. Juzi jua la Januari lilikuwa limeinuka kidogo tu juu ya bahari, na mwanga ukalala juu ya theluji na mchanga mweusi wa volkano. Bwana wa kampuni ya kalenda, aliyeketi nyuma, alionyesha vichanja ambavyo wanakijiji hukaushia vichwa vya samaki.

"Hivyo utavifuta kwenye picha, mama. Vinachafua ufuo."

"Sifuti."

"Basi kazi tutampa mwingine."

"Mpeni. Ufuo usio na watu mtaupata mwezini, ila Hallvardur hafiki huko."

"Mafuta hayatoshi," rubani alisema.

"Basi shuka chini kidogo," mama akamwambia.

Bawa likainama. Yule bwana akang'ang'ania kiti kwa mikono miwili, na mama akapiga picha vichanja tu, vivuli vyake virefu vikiifunika theluji yote mpaka kijijini.