Sweta Lililosogea Mlandege

Ni mimi niliyelisogeza lile sweta. Nimelikana jambo hili tangu darasa la tano, na baada ya chuo kikuu nikawa nalikana kwa ufasaha zaidi, maana elimu humwongezea mwongo misamiati.

Wa rika langu mtakumbuka: tulipokuwa wadogo, magoli yalikuwa masweta ya shule. Pale Mlandege, Iringa, baridi ya Juni iling'ata masikio, lakini tuliyavua tukayalaza chini, mawili huku, mawili kule, yakinuka moshi wa kuni na makande. Mpira ulikuwa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba za katani. Mama alikuwa na sheria moja: "Ukirudi bila sweta, ulale hukohuko mpirani." Ndiyo maana nilikaa kando ya goli letu, nikililinda langu.

Desturi ilikuwa refa awe mtu asiye na mtoto mtaa wetu wa juu wala mtaa wa bondeni. Akapatikana Mwalimu Luka, katekista kijana, mwenye filimbi na kaptula iliyonyooka kwa pasi. Alikimbia na kila shambulizi, na hakuwahi kumfokea mtoto.

Siku hiyo tuliongoza moja bila. Atu wa bondeni, msichana pekee uwanjani, akampiga chenga kaka yangu, kipa wetu, akaachia shuti. Nikalivuta sweta hatua moja ndani. Mpira ukapita katikati ya pale lilipokuwa na pale nilipolisogeza.

"Nje!" akasema Mwalimu.

Bondeni wakalipuka. "Refa kala mahindi yao ya kuchoma!" "Mnunulieni miwani!" Tangu hapo akaitwa Mwalimu Nje, sokoni, hata mlangoni pa kanisa. Alitabasamu tu.

Vijana wa leo wana marudio ya video kutoka kila pembe, na bado hawaelewani. Refa akikosea, hutukanwa na nchi nzima isiyomjua. Wetu alizomewa na watoto aliowafundisha kusali, na kesho yake akawafundisha tena.

Atu sasa anauza mchele wa Rujewa pale Uyole. Kila ligi ikianza hunipigia: "Dada mwizi, goli letu mnarudisha lini?" Nami humjibu, "Muulize refa."

Wiki iliyopita alipiga akicheka. Mwalimu anastaafu, na yeye kapewa nafasi ya kuzungumza siku ya kumuaga. "Naanza na 'Nje!' Kanisa zima lijue alivyotudhulumu."

Chai ikanishinda. Nikampigia Mwalimu, tukamaliza salamu zote za kamwene, nikaungama.

Akasema, "Nilikuona, mwanangu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Bondeni walikuwa wengi, wamepandwa na hasira. Wewe ulikuwa kadogo, umekumbatia sweta, unatetemeka. Nikaona heri wanizomee mimi."

Nikamsikia akisafisha koo, kama mtu anayetafuta filimbi mfukoni.

"Mpigie Atu kabla hajasimama kanisani," akasema. "Mwambie lilikuwa goli. Tumetoka sare."