Mpishi wa Halua Asiyeonja Halua Yake

Saa kumi na moja alfajiri, jikoni mwa Farjallah Mahmood mtaani Shella, Malindi, moto umekolea na sukari inatokota ndani ya sufuria ya shaba. Farjallah, mwenye miaka hamsini na mbili, anachota kidogo kwa mwiko, anadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, kisha analifinya kwa vidole viwili. Linavutika. Anatia wanga na kuanza kukoroga, na mkono hautatua kwa saa mbili na zaidi.

Mwiko anaupeleka kila upande isipokuwa mdomoni.

Hadi mwaka jana mambo hayakuwa hivi. "Sufuria moja nilikuwa naionja mara kumi, kumi na tano. Sukari, samli, hiliki, kila kitu nauliza ulimi," anasema. Msimu wa harusi alipika masufuria matatu kwa siku. Hesabu iliyobaki namwachia msomaji.

Mwezi wa Machi mwaka huo, wahudumu wa afya walipiga hema mtaani wakapima watu sukari bila malipo. Sharti lilikuwa moja, mtu afike bila kula tangu usiku. Farjallah alilitii kwa moyo mkunjufu. Hakugusa mkate wala chai. Alipika halua yake ya alfajiri, akanawa, akaenda kupanga foleni.

Damu ya kidole ilisoma 9.1. Kwa mtu aliyefunga, saba tu ni dalili ya kisukari.

"Nilimwona marehemu baba," anasema. Baba yake, aliyemfundisha upishi huu, alikatwa mguu kwa kisukari na akafa haoni. Farjallah alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Tima, atafutwe mtu wa kununua sufuria.

"Nikamuuliza, ukiiuza utafanya kazi gani wewe, na hata chai huwezi kupika?" Tima anakumbuka huku akicheka. Siku ile, anakiri, alilia.

Wiki iliyofuata Farjallah alipelekwa maabara ya kituo cha afya kurudia kipimo. Alimkuta mpimaji Kahaso Dena, binti wa rika la wanawe.

"Shikamoo, baba. Leo umekula nini?"

"Marahaba. Sijala kitu, mwanangu. Natoka jikoni kupika halua."

"Na ukipika huonji?"

"Naonja, kwani vipi? Hiyo ni kazi, si kula."

Kahaso anasema ilibidi aweke sindano chini kwanza, acheke. Kisha akamtoa damu ya mkononi kwa kipimo kingine, kinachosoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu kwa muda wa miezi mitatu hivi. "Hicho hakijali umeonja nini asubuhi," anaeleza.

Jibu lilikuwa asilimia 6.2. Chini ya 5.7 ni salama, na kuanzia 6.5 ni kisukari. Farjallah alikuwa katikati, na mafuta ya damu yake pia yalikuwa juu, ishara nyingine ya hatari. Hakuwa ameugua bado, ila njia aliyokuwa akiifuata ilikuwa ya baba yake.

"Nilimwambia asiuze sufuria, aupumzishe ulimi," anasema Kahaso.

Sufuria ya kwanza bila kuonja ilitoka ngumu kama sabuni. Ya pili haikushikana kabisa. Ya tatu ilikuwa ya harusi ya Takaungu, kilo arobaini, na hapo hapakuwa na mchezo. Alitegemea tone kwenye maji baridi na vidole, akaipeleka bila kujua ladha yake, akakosa raha siku nzima. Jioni wenye harusi walipiga simu kuagiza nyingine.

Akapunguza na wali wa usiku, akaanza kutembea kila alasiri. Septemba kipimo kile cha miezi mitatu kilisoma 5.9. Januari kikasoma 5.6.

Sasa binti yake Aaliya, mwenye miaka ishirini na minne, ameomba kufundishwa kazi, na Farjallah ananuia kumfungulia jiko lake kabla ya mwaka kwisha. Kwa sufuria ya pili asubuhi hii, Aaliya ndiye anayefinya tone, na baba anamwangalia vidole.

"Kwa baba nilirithi sufuria, na nusura nirithi na maradhi," anasema. "Huyu nataka arithi sufuria tu."